Hatashika Bunduki

Orodha ilibandikwa Jumanne asubuhi ukutani mwa ofisi ya mtaa, na kabla gundi haijakauka watu walikuwa wamekwisha kuichafua kwa vidole. Kila aliyefika aliteremsha kidole kutoka juu hadi chini, akitafuta jina ambalo hakutaka kuliona. Mama Mrefu aliliona la mwanawe kwenye mstari wa thelathini na moja. Alilisoma mara tatu, kisha akalifunika kwa kiganja, kana kwamba wengine wasipoliona na serikali nayo italisahau.

“Mama, toa mkono na sisi tusome,” mwanamke mmoja alimwambia nyuma yake.

“Someni,” akasema, akasogea. Hakuaga mtu.

Vijana wote wa kiume wa miaka kumi na minane hadi thelathini walitakiwa kuripoti baada ya siku kumi. Vita vilikuwa mpakani, na vilikuwa vikimaliza watu kuliko redio ilivyokubali kusema. Atakayekaidi angefungwa miaka mitatu. Chini kabisa palikuwa na aya moja ya herufi ndogo: waumini wa makanisa yasiyoshika silaha wangesamehewa, mradi wawe wamebatizwa kabla ya siku ya tangazo na wawe na barua ya katibu wa kanisa lao. Mama Mrefu aliisoma aya hiyo mpaka nukta ya mwisho. Kanisa lao lilikuwa mojawapo ya makanisa hayo. Katibu wake alikuwa mumewe. Na mwanawe hakuwa amebatizwa.

Mume huyo alikuwa fundi wa kufuli, na mtaa mzima ulimwita Fundi Hodi kwa ajili ya kituko chake kimoja. Mtu akipoteza ufunguo akaenda kumwita, fundi alifika na mkoba wake, akapiga magoti mbele ya mlango, na kabla hajagusa kitasa alibisha mara tatu na kuita, “Hodi! Hodi wenyewe!” Mwenye nyumba yuko pale pale kando yake, amekumbatia vifurushi vyake, anamwambia, “Fundi, ndani hamna mtu. Mwenyewe ndiye mimi.” Yeye hujibu, “Najua,” kisha huita tena na kusubiri. Siku moja wahuni walimwita afungue kabati la nguo lililokwama, wakajipanga ukutani waone kama atalibishia hodi. Alilibishia. Walicheka wiki nzima.

Nyumbani kwake nako kulikuwa na sheria. Mlango haukufungwa kwa ufunguo mchana, na yeye akirudi kutoka kazini hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha mpaka awe ameingia, amevua viatu na ameketi. Mrefu na dada yake walikua hivyo. Watoto wa majirani wakiwakimbilia baba zao mlangoni kwa makelele, wao walikaa kimya kama maji mtungini. Watu walidhani ni adabu. Mama Mrefu mwenyewe, baada ya miaka ishirini na miwili ya ndoa, alidhani ni maumivu ya kichwa.

Jioni hiyo alisubiri mumewe avue viatu, avipange, aketi.

“Wewe ndiye uliyemzuia,” akamwambia.

Ilikuwa kweli, na kanisa zima lilijua. Miezi minne nyuma, vijana wanane walikaa mbele ya wazee kuulizwa maswali ya ubatizo. Swali la mwisho lilikuwa lile lile la miaka yote: mwizi ameingia nyumbani, amemshika mama yako, utafanya nini? Jibu nalo lilikuwa lile lile, watoto walilijua tangu darasa la Jumapili: nitaita majirani, nitaomba, sitainua mkono. Saba walilitoa bila kukwama, na mmoja wao aliitwa Ngumi, ambaye mwezi uliotangulia alikuwa amemng'oa mtu jino kwenye mpira. Zamu ya Mrefu ilipofika, alikuna shingo, akafikiri kweli kweli, akasema, “Nitampiga. Nitampiga na chochote kitakachokuwa karibu.” Wazee walicheka, na Mchungaji akasema kijana bado anakua. Aliyekataa alikuwa katibu. “Bado huyu,” alisema. “Angoje nusu mwaka.”

“Amesema kweli ukamwadhibu,” Mama Mrefu alisema. “Sasa ona.”

Fundi Hodi aliona.

*

Jumatano wale saba walikuja kuchukua barua. Fundi Hodi aliziandika mezani kwake, daftari la ubatizo likiwa wazi mbele yake, kwa mwandiko ule wake wa kunyooka: jina, siku, shahidi wa kwanza, shahidi wa pili, muhuri. Viti havikutosha. Ilibidi Mrefu aazime viwili kwa jirani ili wenzake wakae wakisubiri kuokolewa, kisha yeye akabaki amesimama kwa kuwa vilikuwa vimejaa tena. Alikuwa mrefu kweli. Akisimama chumbani hapo alionekana kama mtu aliyeletwa kubadilisha balbu.

“Ungesema tu, bwana,” Ngumi alimnong'oneza, barua yake ikiwa tayari mfukoni. “Nani angekupima?”

“Nilidhani wanauliza,” Mrefu alijibu.

Walipoondoka, Mama Mrefu alikuja na kalamu aliyoiokota chini ya kiti. Mumewe alikuwa na desturi ya kuacha mstari mmoja mtupu chini ya kila kundi la waliobatizwa, ndipo aanze kundi jingine. Aliweka kidole juu ya mstari huo.

“Hapa pana nafasi.”

“Hapo ni pa kutenganisha.”

“Kumtenganisha na nani? Na mama yake?”

“Mama Mrefu, nikiandika jina hapo, zile barua saba nazo zinakuwa uongo.”

“Na ya Ngumi ni ya kweli?”

Fundi Hodi alilitazama jina la Ngumi, lililoandikwa vizuri kuliko yote kwa sababu lilikuwa fupi. Kisha akalifunika daftari polepole, akalifunga kwa kamba yake. Mama Mrefu alibaki ameshika kalamu. Aliitupa kalamu ile dirishani, halafu akatoka kwenda kuitafuta, maana ilikuwa ya jirani.

*

Kaka wa Mama Mrefu, mjomba wa Mrefu, alikuja Alhamisi bila kuitwa. Alikuwa fundi bomba, na alisali katika kanisa kubwa lenye kengele, ambako askari wapya walinyunyiziwa maji ya baraka magwanda yao yakiwa bado na mikunjo ya ghalani. Alisema hakuja kubishana. Kisha akabishana tangu kikombe cha kwanza cha chai mpaka cha tatu.

“Shemeji, niambie kitu kimoja tu. Wale askari waliomfuata mbatizaji mtoni, wakamuuliza, na sisi je, tufanye nini? Aliwaambia nini? Watosheke na mshahara wao! Hakumwambia hata mmoja arudishe upanga ghalani.”

“Mbona wewe hutosheki na chai?” dada yake alimkata. Mrefu akacheka peke yake.

“Na yule akida? Alisifiwa imani mbele ya watu. Akarudi kazini kwake.”

“Hatujaambiwa alirudi kufanya nini,” Fundi Hodi alisema.

“Na yule aliyekata mtu sikio bustanini?” Mama Mrefu akaongeza. “Si aliambiwa aurudishe upanga alani? Sisi tunamfuata aliyesema hivyo.”

“Sawa. Ninyi mnamfuata.” Mjomba aliweka kikombe chini. “Sasa adui akivuka mpaka akafika hapa, nani atamzuia? Watoto wa watu. Wapwa wa watu. Ninyi mtakuwa mmejifungia mnaimba. Huo utakatifu wenu, shemeji, unalindwa na vijana wa kanisa langu. Jumapili tumesoma majina tisa. Tisa! Mmoja nilimfundisha kukata bomba.”

Sauti yake ilikwaruza kidogo mwishoni. Fundi Hodi alimtazama kwa huruma ya kweli.

“Hilo sina jibu lake,” alisema.

Mjomba alikuwa amejiandaa kwa vita vya maneno mpaka jioni, na jibu hilo lilimkata miguu. Aliinama, akasema kwa upole kwamba Ijumaa kungekuwa na kamati ya malalamiko, shule ya msingi, ukumbini. “Nenda ukajieleze. Wewe mwenyewe si ulikuwa jeshini?”

“Nilikuwa fundi.”

“Ndiyo nisemavyo! Fundi. Hukushika bunduki, na kazi ya nchi uliifanya. Nao wampe huyu kazi ya namna hiyo. Hapo imani imebaki na nchi haikudai.”

Mama Mrefu aligeuka akamwangalia kaka yake kama aliyeletewa maji jangwani. Historia hiyo wote waliijua. Katika vita vya zamani, kabla hajaoa, Fundi Hodi alichukuliwa miaka miwili kutengeneza makufuli ya jeshi. Alipokuja kanisani baadaye, Mchungaji wa wakati ule alimuuliza: ulipiga mtu risasi? Hapana. Ulishika bunduki? Hapana. Basi huna la kutubu, akaambiwa, na Jumapili iliyofuata akabatizwa.

*

Ijumaa, mlangoni mwa ukumbi, askari waliwavua mikanda wanaume wote. Suruali ya Fundi Hodi ilikuwa ya enzi za tumbo lake, na tumbo lilikwisha kwenda zake, kwa hiyo alikaa saa nne katika foleni akiwa ameishika kiunoni kwa mkono wa kushoto. Mkoba wake wa zana ulimwagwa mezani. Askari kijana alichukua kimoja kimoja vile vyuma vyembamba vya kufungulia, akauliza kama ni vya meno.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyeitwa tena kazini, mtu mnene mwenye mvi na miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Wote walimwita Mkuu. Alisikiliza kesi ya Mrefu akiandika kitu kingine. Kubatizwa? Hapana. Barua? Hapana. Alikuwa amekwisha kuinua muhuri alipotupa jicho kwa baba, akaushusha.

“Ngoja. Simama vizuri nikuone.”

Fundi Hodi alisimama vizuri, kadiri suruali ilivyoruhusu.

“Fundi!” Mkuu aliinuka, akazunguka meza, akamkumbatia. Fundi Hodi hakuwa na mikono miwili ya kumkumbatia nayo. “Mnamjua huyu?” Mkuu aliwauliza wajumbe. “Huyu alitufungulia mji mzima. Milango mia na kitu, hakuvunja hata mmoja. Wenzetu walipiga mateke, watu wanashtuka, wanakimbilia madirishani, mnapoteza askari. Sisi tuliingia kama wenye nyumba.”

Mrefu alimtazama baba yake. Alikuwa akijua habari ya makufuli. Habari ya milango hakuijua.

“Kijana anaijua kazi?” Mkuu aliuliza.

“Anaijua!” Mama Mrefu alidakia kabla mtu hajafungua kinywa. “Anaijua kuliko hata baba yake. Ana mkono mwepesi.”

Fundi Hodi alitaka kusema kitu. Lakini Mkuu alikuwa amekwisha kuandika. Kikosi cha ufundi. Aliikata karatasi, akampa mama mkononi.

“Hatashika bunduki, mama. Nakuapia. Bunduki watashika wengine. Yeye atashika vyuma vyake hivi tu. Atafungua, atapisha.”

Mama Mrefu alipiga magoti kwenye saruji akamshika Mkuu mkono kwa mikono miwili. Alilia waziwazi na hakuona haya.

“Asante, Mkuu,” Fundi Hodi alisema, maana wote walikuwa wakimtazama wakingoja aseme.

Nje alirudishiwa mkanda. Vidole vilivyokuwa vikifungua kufuli yoyote mjini vilishindwa kuupitisha kwenye tanzi la suruali, na ni Mrefu aliyemfungia, kama anavyofungiwa mtoto anayekwenda shule.

*

Jumapili Mchungaji alitangaza habari hiyo mimbarani, na kanisa likashangilia. Kijana angekwenda jeshini bila kushika silaha, imani haikuguswa. Angebatizwa akirudi, alisema Mchungaji, na safari hii katibu asituletee ugumu. Watu wakacheka. Mama Mrefu alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu, na baada ya ibada alipeana mikono mpaka na wale alionuniana nao. Fundi Hodi alisimama mlangoni na daftari kwapani. “Katibu, umeponea chupuchupu,” walimwambia mmoja baada ya mwingine, naye aliitikia, “Ndiyo. Ndiyo, kweli.”

Jumatatu aliitwa kwa mwalimu mmoja wa kike aliyejifungia nje. Alipiga magoti, akabisha, akaita hodi. Akaita tena. Aliita mara tisa. Halafu akaingiza vyuma, akavisikia vikipata mahali pake, na hapo mkono ukamgomea. Kulikuwa na kitu upande wa pili. Alijua hakuna kitu, na alikisikia. Mwalimu alisimama nyuma yake akidhani anaomba, akainamisha kichwa naye kwa heshima. Mwishowe Fundi Hodi alikusanya zana zake, akamwambia kufuli ile imemshinda, akamwelekeza kwa fundi mwingine, mtaa wa tatu. Mwalimu alieleza watu na watu hawakuamini.

Hayakuwa mambo mageni kwake. Kwa miaka ishirini na mitano hakuna kufuli aliyoifungua ambayo haikusema naye. Ila zamani sauti ilikuja ikapita, na sasa ilikuja na sura ya Mrefu amepiga magoti mbele ya mlango, vile vidole vyake virefu vikifanya kazi vizuri, vizuri mno.

*

Jumatano mchana, siku mbili kabla ya kuripoti, Mrefu alikuwa kibandani akijizoeza. Alikuwa ameibana kufuli ya zamani kwenye jiriwa na kuitia vyuma, akaifungua, akaifunga, akaifungua.

“Baba,” alisema bila kuinua macho, “hii inalia tak. Nifundishe kufungua isilie. Mkuu alituma karatasi, wanasema kimya ndicho wanachokitaka zaidi.”

Fundi Hodi alimnyang'anya vile vyuma mkononi. Hakuwahi kumnyang'anya kitu tangu kuzaliwa kwake.

“Kaa,” alisema.

Mrefu akakaa juu ya ndoo.

“Ulikuwa mlango wa kijani. Umepakwa rangi upya, ilinishika hapa kwenye goti. Kumeanza kupambazuka. Wenzangu wamesimama huku na huku, wamejibana ukutani, wananiangalia mikono. Kufuli yenyewe rahisi. Ikazunguka. Haikulia. Nikasikia nyayo ndani. Ndogo. Mtoto anakimbia sakafuni bila viatu. Nadhani baba yake alikuwa mtu wa kazi za usiku. Akaja mpaka mlangoni, upande wa pili, karibu kama wewe ulivyo hapo. Akasema, ‘Baba, leo umewahi.’”

Barabarani mtu alipita akiuza vyombo vya plastiki kwa kipaza sauti. Wakangoja apite.

“Ukafanyaje?” Mrefu aliuliza.

“Kazi yangu ilikuwa kufungua na kupisha. Nikapisha.”

“Halafu?”

“Nikahamia mlango wa pili.”

“Hukugeuka?”

“Nilikuwa na kufuli mbele yangu. Ile ya pili ilikuwa ngumu. Niliishughulikia kufuli.” Alikuwa akiongea na jiriwa sasa. “Nilisikia, ndiyo. Lakini asubuhi ile mitaa yote ilikuwa ikilia, sikujua mlio upi umetoka wapi. Mpaka leo sijui. Ningegeuka ningejua. Mchungaji aliniuliza kama nilishika bunduki, nikamwambia sikushika. Hakuuliza kingine, na mimi sikuongeza. Nilifurahi hakuuliza. Huo ndio ukweli wangu mimi, katibu.”

Mrefu aliipapasa kufuli iliyobaki kwenye jiriwa.

“Ndiyo maana tulikuwa hatukusemeshi ukiingia,” alisema hatimaye.

Bakuli la chakula liliwekwa juu ya meza ya kazi, kwa nguvu, mchuzi ukaruka. Mama Mrefu alikuwa amesimama mlangoni tangu ulipotajwa mlango wa kijani.

“Miaka ishirini na mitano umenyamaza,” alisema, “ukashindwa kunyamaza siku mbili?”

“Mama Mrefu...”

“Usiniite! Mtoto amepata kazi ya kurudi akiwa hai. Hai! Wanaofungua milango hurudi. Wewe si ulirudi?”

“Nilirudi. Umeniona nilivyorudi. Umeishi nami.”

“Nimeishi nawe, ndiyo, na nimekuzalia watoto, na umewalisha! Nitakubali mwana wa hivyo. Nitamkubali asiyesemeshwa mlangoni, abishe hodi mpaka kwenye sufuria, nitamkubali! Wa kuzikwa simtaki, wala wa kufungwa simtaki. Ungengoja aende. Ungengoja arudi ndipo mkae hapa mlie wawili.”

“Akirudi angekuwa na wa kwake,” Fundi Hodi alisema.

Alimaanisha mtoto, na walimwelewa. Mama Mrefu alitafuta pa kukaa, akakosa, akakaa chini kwenye vumbi la chuma na gauni lake la kazi. Mrefu aliinuka, akampa ndoo. Aliikataa. Kisha akaikalia.

*

Ijumaa alfajiri kitanda cha Mrefu kilikuwa kimetandikwa. Mkoba wa zana aliokuwa amefungiwa na mama yake ulikuwa juu yake. Wazazi walitazamana, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, wakatoka. Mama alitembea mbele hatua kumi na hakugeuka kuona kama mumewe anamfuata.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa vijana na mabegi. Kulikuwa na foleni ndefu, na foleni fupi yenye kibao cha UFUNDI: waashi, makanika, mpishi mmoja. Mama Mrefu aliipitia ile fupi kutoka mwanzo hadi mwisho, akaipitia ile ndefu akiruka ruka apate kuona vichwa, ingawa mwanawe hakuhitaji kutafutwa kwa kuruka. Walimkuta nyuma ya ukumbi. Palikuwa na meza, karani, na benchi la darasani, na juu ya benchi hilo Mrefu alikaa peke yake, askari amesimama kando. Viatu vyake havikuwa na kamba. Magoti yalimfika karibu na kidevu, kwa kuwa benchi lilikuwa la watoto.

“Shikamoo, baba. Shikamoo, mama,” alisema.

Mama hakuitikia. Alikuwa akiangalia vile viatu.

“Wewe ndiye mzazi?” Karani alikuwa kijana mwenye mafua, si mkali, ila amechoshwa na karatasi. “Afadhali. Hebu nisaidie, mzee. Amekataa, sawa, hilo nimeandika, miaka yake mitatu itamngoja. Lakini fomu inataka sababu, na bila sababu inarudishwa kwangu. Ubatizo, hana. Ugonjwa, hana. Namuuliza ananiambia kuna mtoto nyuma ya mlango. Mtoto gani? Ana mtoto huyu? Maana kama ana mtoto hilo ni fungu lingine.”

“Si wake,” Fundi Hodi alisema.

“Wa nani?”

Mrefu alimtazama baba yake. Hakumwomba kitu. Alingoja tu, mikono ikiwa katikati ya magoti.

“Mtoto wa watu,” Fundi Hodi alisema. “Nilimfungulia mlango mimi. Yeye ameambiwa aende akafungue kama mimi.”

Karani alipiga chafya, akasoma mistari ya fomu yake kana kwamba huenda pana mahali pa neno hilo. “Mzee, hii si sababu ya dini.”

“Kwetu ndiyo.”

“Haya. Nitaandika, wakubwa wajionee wenyewe. Jina la mtoto?”

“Silijui.”

“Wa kiume, wa kike?”

“Sikumwona.”

“Umri basi. Umri lazima, kisanduku hiki hakiachwi wazi.”

Fundi Hodi alifumba macho. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza. Alizisikiliza zile nyayo zikija sakafuni, nyepesi, za kukimbilia jambo zuri. “Minne,” alisema. “Mitano. Haizidi mitano.”

“Lini hiyo?”

“Vita vile vya kwanza. Miaka ishirini na mitano.”

“Aa.” Karani alikata alichokuwa ameanza kuandika, midomo ikimchezacheza kwa hesabu. “Basi kwa sasa ni thelathini. Mtu mzima huyo. Hata orodha ya mwaka huu ingemfikia.”

Miaka yote hiyo Fundi Hodi hakuwahi kumwongezea mtoto huyo hata siku moja. Alishika ukingo wa meza, na Mrefu akainuka benchini kumdaka, na askari akamwamuru akae.

Mama Mrefu alikuja mpaka mezani. Alimshika mumewe mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, jinsi anavyoshikwa mtu anayevushwa barabara, kisha akaweka kidole juu ya kile kisanduku.

“Andika mitano,” alimwambia karani.